Mbaazi Zilizoungulia Sokoni Nairobi

Nyumbani kwa Baba mdogo, Mombasa, kuna vyama viwili: cha kuuza leo na cha kutouza kabisa. Vilizaliwa Juni 2008, hisa za Safaricom zilipoingia Soko la Hisa la Nairobi. Serikali ilikuwa imezitoa kwa shilingi 5, na kwa kuwa waombaji walizidi, kila mmoja akagawiwa sehemu tu ya alichoomba. Baba mdogo na mkewe, Mama Salim, nao waliomba; hapo ndipo zilipokwenda pesa za friji.

Siku ya kwanza bei ilivuka 7. Baba mdogo akauza zake.

"Mama Salim, uza! Unangoja nini?"

Mama Salim, yaani Mama mdogo wangu, akafungia karatasi zake sandukuni, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mwaka haujaisha, bei ikawa imeporomoka chini ya 5, na kicheko cha mumewe kikasikika mpaka kwa jirani.

Kwa maoni yangu, ushindi ule ndio uliomharibu Baba mdogo. Akawa mtu wa kununua leo, kuuza kesho kutwa. Bei zikisomwa redioni, watoto hawakohoi. Ijumaa moja wakwe walikuwa njiani. Mama mdogo akaenda sokoni, akamwachia mbaazi za nazi jikoni. Dalali akapiga simu: hisa alizonunua kwa shilingi 5 zimepanda senti 20! Nilipotoka chumbani moshi umeshafika barazani, naye, simu sikioni, ananiinulia kidole ningoje. Wakwe walikunywa chai na mahamri makavu.

Usiku Mama mdogo alidai hesabu. Ada za dalali na soko, kwa mwekezaji mdogo, zilikaribia asilimia 2 ya thamani anaponunua, na kiasi kama hicho tena anapouza. Senti 20 juu ya shilingi 5 ni asilimia 4. Faida yote imeliwa na ada, na sufuria imeungua.

"Baba Salim, wewe umemfanyia dalali kazi."

Lakini Mama mdogo naye simsifu sana. Mwaka 2021 bei ilipita 40. Mumewe akamsihi auze walau nusu, akakataa katakata. Mwaka 2022 kampuni ikaanza huduma Ethiopia kwa gharama kubwa, jambo lililoandikwa wazi katika hesabu zake, ila Mama mdogo bahasha za hesabu hizo hafungui. Mwaka 2023 bei ikashuka chini ya 15. Kukaa na hisa miaka mingi si kula kiapo cha kutouza. Mwenye nazo anapaswa kusoma hesabu za kampuni kila mwaka na kujiuliza kama angezinunua upya.

Hata hivyo, gawio la mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 lilikuwa shilingi 1.20 kwa kila hisa, nazo za Mama mdogo zilinunuliwa kwa 5. Kodi ikakatwa, zilizobaki zikamfikia bila kumpigia dalali simu hata moja.