Mzee wa Miaka 31

Baltimore, mwishoni mwa Septemba 2025

Mama, na wote wa Makongeni, Thika, na wale wa Ruiru mtakaosomewa barua hii kwa simu,

Kwanza niwatoe wasiwasi. Zile kelele mlizosikia nilipopiga simu Jumanne alfajiri ya huko, Jumatatu usiku ya huku, hazikuwa za vita wala za msiba. Ulisikia mtu akipiga ukelele kwamba “amekwisha”, Mama, ukauliza nani, na kabla sijajibu nikasikia umeanza kuomba. Asante kwa maombi. Aliyekwisha anaitwa Derrick Henry, na yuko hai kabisa. Ana miaka 31, kilo zaidi ya 110, urefu wa futi sita na ushei, na akisimama mlangoni kwetu lazima tuwashe taa mchana. “Kwisha” kwake ni kwamba aliangusha mpira.

Mpira wa huku, kama nilivyowahi kuwaambia, hauchezwi kwa miguu. Ni raga iliyovishwa magodoro. Wanacheza sekunde sita, wanasimama, wanakusanyika kujadiliana kama kamati ya harambee, kisha wanacheza sekunde sita nyingine. Baba atamkumbuka Daniel Adongo, kijana wetu wa raga aliyechukuliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Ni mchezo huohuo. Sasa, katikati ya fujo ile kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukabidhiwa mpira na kuambiwa apite. Apite wapi? Palipo na watu. Mfikirie makanga anayepenya kukusanya nauli Ijumaa jioni gari likiwa limejaa hadi mlangoni, ila kila abiria ana kilo 140 na amelipwa kumwangusha.

Kwa kazi hiyo, miaka 30 ni uzee. Jim Brown, ambaye wazee wa huku humtaja kwa sauti ya kanisani, aliacha mwaka 1966 akiwa na miaka 30, akaenda zake kuigiza filamu. Na hawahesabu miaka pekee. Wanahesabu ni mara ngapi mtu amepewa mpira akagongwa, vile fundi anavyochungulia mileji kabla hata hajafungua boneti. Huyu Henry alikuwa amebeba mpira zaidi ya mara 2,300 kabla ya msimu huu kuanza, nyingi akiwa na Tennessee Titans. Baltimore Ravens walimchukua mwaka 2024 akiwa tayari na hiyo 30, watu wakacheka, na msimu wake wa kwanza hapa akakimbia yadi 1,921.

Yadi 1,921, Mama, nimezipiga hesabu. Ni kilomita moja na robo tatu. Kwa msimu mzima! Wewe kwenda sokoni na kurudi na kabichi mbili na debe la viazi unampita kabla ya saa nne asubuhi, na hakuna aliyekuandikia mkataba. Yeye Mei mwaka huu wamemwongezea miaka miwili kwa dola milioni 30. Hizo kwa pesa zetu zinakaribia bilioni nne. Nimeandika kwa maneno ili msidhani nimekosea sufuri.

Hapo ndipo kelele zinapotoka. Mnajua kazi yangu ni kuhudumia wazee usiku. Chumba cha mwisho kuna mzee wa miaka 84, magoti yote mawili ya chuma, sikio moja la betri, na fulana ya zambarau ya Ravens ambayo haturuhusiwi kuifua siku ya mechi. Huyo ndiye aliyekuwa akipiga ukelele. Kwamba kijana wa miaka 31 amezeeka, auzwe! “Nimeyaona haya,” anasema. “Miguu ikienda, imeenda.” Anayasema hayo huku nikimvalisha soksi.

Anayembishia ni nesi wetu wa zamu, mama mzaliwa wa papa hapa Baltimore, asiyekubali neno moja baya juu ya Henry. Ubishi ulianza tarehe 7 Septemba, mechi ya kwanza, kule Buffalo. Henry alikimbia yadi 169, akafunga mara mbili, Ravens wakawa mbele kwa alama 15 robo ya mwisho. Kisha akaangusha mpira, Buffalo wakaamka, wakashinda 41 kwa 40. Wiki iliyofuata akaangusha tena, ila Cleveland walipigwa hivyohivyo. Jumatatu hiyo mliyoisikia akaangusha mbele ya Detroit, Ravens wakafungwa 38 kwa 30. Mechi tatu, mara tatu.

Mzee akaamua kutufundisha. Akapanga vikombe vya pudini juu ya meza yake ya kitandani, vitano huku, vitano kule, akachukua kile kikombe kidogo cha karatasi chenye vidonge vyake vya presha, akasema huyu ndiye Henry. Akampitisha kushoto, akampitisha kulia, akafika katikati, mkono ukatetemeka. Henry akapinduka. Vidonge vikaingia chini ya kitanda.

“Mnaona?” akasema mzee, kwa ushindi kabisa.

“Naona,” akajibu nesi. “Na wewe tukuuze kwa nani?”

Nilipiga magoti nikavitafuta na tochi ya simu. Kimoja hadi leo hakijulikani kilipo.

Mimi nikajitosa kumtetea Henry kwa jina la nchi yetu. Nikamwambia mzee kwamba Eliud Kipchoge alivunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2022 akiwa na miaka 37, saa mbili, dakika moja na sekunde tisa, kilomita 42. Si moja na robo tatu. Mzee akanyamaza, nikadhani nimemmaliza. Kumbe alikuwa anatengeneza betri ya sikio. “Na huyo wenu,” akauliza, “kuna mtu yeyote alimgonga njiani?”

Sikuwa na jibu. Kama lipo, Baba, nitumie.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani asubuhi nikakumbuka vile Makongeni ilivyogawanyika Dennis Oliech aliporudi kuchezea Gor Mahia mwanzoni mwa 2019, amebakisha wiki chache atimize 34, ametoka kucheza Ufaransa kote: Nantes, Auxerre, Ajaccio. Baba alisema damu ya Ulaya haiishi. Wengine wakasema ameletwa kuuza tiketi. Hakumaliza mwaka pale, na Baba mpaka leo anasema hakupewa mipira. Ningemleta Baba hapa akae na nesi wetu, wangeelewana bila mkalimani.

Na sasa lile la Mjomba. Nimeona kwenye kundi la familia upande wa Thika mnataka auze ile matatu yake, Hiace, upande wa Ruiru mnataka injini ifanyiwe ovahoo tena, irudi barabarani kwenye ruti ya 145. Mjomba ameandika, kwa herufi kubwa, kwamba injini haizeeki, inachoka. Kuhusu Henry msimamo wangu ni wa nesi: gari linaloleta pesa kila siku huliuzi kwa sababu ya pancha tatu. Kuhusu Hiace naona Mjomba akubali yaishe. Ndiyo, najua nilivyoandika mstari mmoja juu. Lakini pesa za Henry natoa mimi? Ovahoo ya kwanza nililipa mimi, gia boksi nikalipa mimi, na bado linakunywa oili kuliko dizeli, na likipanda pale Toll moshi wake unafika Githurai kabla yake.

Siku ile ya vikombe vya pudini haikuishia hapo. Kabla ya kutoka zamu ilibidi nimsimamishe mzee apelekwe kuoga. Huwa tunamfunga mkanda kiunoni, naushika kwa mikono miwili, tunahesabu pamoja moja, mbili, tatu, ananyanyuka. Tulipofika tatu, kitu kikalia kraa! Mzee akajitazama magoti. Ya chuma hayalii hivyo. Akatazama langu.

“Una miaka mingapi?” akaniuliza.

Nikamwambia 43.

Akatikisa kichwa taratibu, bado ananing’inia kwenye mkanda, akauliza mkataba wangu unaisha lini.

Nisalimieni shosho. Desemba sijui kama nitapata tiketi.

Mwanenu