Punguza Sauti ya Redio Yako

Asubuhi hii muuza samaki amenipongeza mbele ya wateja wake. "Mtangazaji, jana ulituletea mwandishi mkali! Alivyokuwa akimjibu yule mzee wa kwenye simu!" Nikacheka kama mtu aliyekanyagwa kidole harusini. Mwandishi hakumjibu mtu. Mzee alikuwa akigombana na nafsi yake, Tanga nzima ikisikiliza.

Hapa niruhusuni nieleze mitambo, maana naipenda karibu sawa na vitabu. Sauti ya mpigaji hupita kwanza kwenye kisanduku chenye kazi ya kibalozi: kumpelekea sauti zetu sote tulio studio, ila yake mwenyewe asirudishiwe hata chembe. Kisha kila kitu huingia kwenye mtambo wa kuchelewesha, unaoshikilia sekunde chache za kipindi kabla ya kuzirusha, ili mtu akitukana fundi awahi kubonyeza kitufe na tusi limezwe. Utamu ulioje! Mji mzima unaishi nyuma yetu kwa sekunde kadhaa, wala hauna habari. Adui wa yote hayo ni redio iliyowashwa pembeni ya mpigaji. Bila kucheleweshwa, simu ingeisikia redio, redio ingeisikia simu, vikapigiana mluzi mpaka kimoja kizimwe. Ukichelewesha, mluzi haupo. Yanakuwepo mazungumzo.

Mzee akasema riwaya za siku hizi hazina adabu. Kimya. Kisha redio yake ikamjibu, kwa sauti ya kukwaruza, kwamba riwaya za siku hizi hazina adabu.

"Kumbe unakubali! Sasa mbona umeandika?"

"Kumbe unakubali! Sasa mbona umeandika?"

"Mimi? Mimi sijaandika chochote!"

"Mimi? Mimi sijaandika chochote!"

"Muongo mkubwa wewe!"

Nilikuwa nikipaza sauti, "Mzee, zima redio hapo ulipo!", lakini mzee alishapata mgeni wake. Mgeni wangu, aliyetoka Dar kwa basi la alfajiri, alikaa na hedifoni kichwani akinywa maji. Fundi akabonyeza kitufe. Tusi likamezwa, na pamoja nalo jina la kitabu, ambalo mwandishi ndiyo kwanza alikuwa amefungua kinywa kulitaja.

Kabla yake kuna aliyetaka tumwalike Shaaban Robert. Nikamwambia alifariki mwaka 1962, akasema basi hata kwa simu. Nikisoma Peponi, tafsiri ya riwaya ya Gurnah, likaingia tangazo la mbuzi aliyepotea. Na yupo anayepiga kila kipindi kuwasalimu wote wanaomfahamu.

Hayo nacheka. La muda sicheki. Kipindi kilikuwa cha saa nzima. Tabibu wa tiba asili akanunua nusu. Yeye halipi ili akatishwe. Anayeambiwa "malizia, malizia" ni mwandishi aliyelipia uchapaji kwa akiba yake na kuzibeba nakala begani, kwa kuwa duka la kuuza riwaya hulioni. Nauli ya mgeni haina fungu. Nakala ninazosoma hewani nanunua mwenyewe. Naambiwa vitabu havina mdhamini. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909, na kwenye hotuba hakuna anayechoka kumtaja. Kumsoma robo saa, hapo ndipo mdhamini anatafutwa.

Wiki ijayo meneja amenipangia mgeni yeye mwenyewe. Ni yule tabibu. Ameandika kitabu.