Tripu ya Kwanza

Binti yangu wa darasa la kwanza huamka kabla ya muuza vitumbua wa mtaani kwetu. Namvisha sare huku anasinzia. Mkono mmoja wa sweta unaingia, mwingine unagoma. Saa 11:00 alfajiri basi la njano linapiga honi. Kengele ya shule inagongwa saa 1:30. Kutoka Goba hadi Mikocheni, barabara ikiwa tupu, saa nzima haifiki. Muda uliobaki unaishia wapi?

Shuleni wakanieleza kwa upole wa watu waliokwisha kuulizwa sana: basi moja, tripu mbili. Alfajiri linakusanya watoto wa mbali, linawamwaga getini wakati hata mwalimu wa zamu hajafika, kisha linageuza kuwafuata wa karibu. Yaani wangu anaamka usiku ili mtoto wa Msasani anywe chai kwa raha. Ukiuliza kuhusu basi la pili unaoneshwa ada mpya, na hamu ya mazungumzo inakwisha.

Jioni ndiyo balaa zaidi. Sisi tuko mwisho wa ruti, kwa hiyo anayepanda wa kwanza ndiye anayeshuka wa mwisho. Nikapendekeza jioni wazunguke kinyume. Dereva akanitazama: "Mama Neema, mafuta utaweka wewe?"

Nilidhani ni shida zetu za Dar. Kumbe hata Boston, Marekani, basi moja huhudumia shule kadhaa kwa zamu, ndiyo maana kengele haziwezi kulia kwa pamoja. Mwaka 2017 wataalamu wa chuo cha MIT wakaandika programu ya kupanga njia na saa za kuanza masomo. Njia zikapangika, mabasi yakapungua. Ilipofika kwenye kengele, hesabu ikasema vijana wa sekondari walale zaidi, na wadogo wengi waanze mapema. Wazazi wakafurika mikutanoni, na Desemba ya mwaka huohuo saa mpya zikafutwa. Wenzetu wana mikutano. Sisi tuna kundi la WhatsApp.

Na kundi lenyewe! Baba mmoja anataka basi liingie hadi getini kwake, kwenye kichochoro ambacho hata bajaji hutoka kinyumenyume. Mama wa Makongo kila siku anaandika "anatoka sasa hivi", na hiyo sasa hivi yake ndiyo inayotukutanisha na foleni ya Mwenge. Nikawatumia habari za Boston. Mwenyekiti akajibu kwamba programu hatuihitaji, tunahitaji Mama wa Makongo anunue saa. Mama wa Makongo akajitoa kundini. Akarudishwa. Akatuma sauti ya dakika nne.

Jana likaja tangazo: kwa sababu ya foleni, kuanzia Jumatatu basi litapita Goba saa 10:40 alfajiri, na wazazi tunakumbushwa kuhakikisha watoto wanapata usingizi wa kutosha.