Hiki Kinafanya Nini Kingine?

Mchana nauza saruji, misumari na mabati hapa Buna. Usiku, taa ya sola ikishawaka, najenga nyumba ambazo hata panya hawezi kupanga. Wateja wangu wanalijua jambo hili na kila mmoja ana la kusema. Wenye adabu huniombea dua. Wasio na adabu huuliza kama matofali yale ya plastiki nayo nayauza kwa jumla na rejareja, na kama yanataka mchanga wa mtoni au wa machimbo.

Mimi sijali. Mtu mwenye ndevu zake ana haki ya kupenda anachokipenda, mradi hakimcheleweshi kuswali. Shida iko kwenye usafiri. Buna iko njia ya Moyale kwenda Wajir, na mzigo haunifikii kabla ya kupita mikononi mwa dereva, makanga na kila abiria mwenye macho. Safari moja binamu yangu aliyeko Minneapolis alinitumia boksi lililoandikwa 18+ kwa tarakimu zinazoonekana toka mbali. Tangu mwaka 2020 kampuni ya LEGO, inayotengeneza matofali hayo ya plastiki, huandika hivyo kwenye seti zake za watu wazima, maana yake kazi ni ndefu na inataka subira. Makanga hakuisoma hivyo. Habari kwamba mwenye hadwea ameletewa kitu cha watu wazima kutoka Marekani ilifika msikitini kabla ya boksi kufika dukani. Wazee wakaniita. Nikalifungua mbele yao, na ndani mkatoka shada la maua, zaidi ya vipande 700, la kuunganisha mwenyewe. Waliyatazama yale maua ya plastiki kimya, kisha mzee mmoja akasema kwa masikitiko kwamba lile walilolishuku angalau lingeeleweka.

Nikayaunga maua, nikampa mke wangu. Akayanusa, akaniangalia, akayaweka dirishani.

Siku zile zile mama yangu alikuwa amekuja kututembelea. Mama amezaliwa ndani ya aqal, ile nyumba ya kuhama, na amezijenga na kuzibomoa nyingi kabla mimi sijazaliwa. Aliketi mkekani kando ya rundo langu, akaokota kipande kimoja chekundu chenye umbo la ajabu, akakisugua kwa kidole gumba, akakigonga kwenye jino, akakigeuza chini juu. Halafu akauliza, "Mwanangu, hiki kinafanya nini kingine?"

Asiyeijua aqal anaweza kudhani ni swali la bibi kizee asiyejua vitu vya watoto. Aqal ni miti iliyopindwa, mikeka na kamba, basi. Siku ya kuhama wanawake huibomoa asubuhi. Mikeka iliyokuwa ukuta inatandikwa mgongoni mwa ngamia ili mzigo usimchubue. Miti iliyobeba paa inafungwa ubavuni, inakuwa fremu ya kubebea vyombo vya maziwa, na mtoto mdogo anawekwa juu ya yote. Jioni nyumba imesimama kwingine. Hakuna kijitabu cha maelekezo, na hakuna kipande kinachobaki mkononi mtu akajiuliza kilikuwa cha wapi. Mwaka 1995 Labelle Prussin, msomi wa Marekani, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu ujenzi wa wahamaji wa Afrika, wakiwemo Wagabra, Warendille na Wasomali, akaeleza kwamba wasanifu wa nyumba hizi ni wanawake. Mama hajakisoma. Alinijibu tu kwamba kama huyo bibi alihitaji kitabu kizima kulisema hilo, hakuulizwa na mtu wa huku.

Kwa hiyo lile lilikuwa swali la fundi kwa fundi, na tangu hapo ndilo mizani yangu. Kila kipande kinachoingia nyumbani kwangu kinaulizwa. Naomba sasa nitoe hukumu.

Tofali la kawaida, lenye vinundu viwili kwa vinne, linafaulu bila mjadala. Huko Billund, Denmark, seremala Ole Kirk Christiansen, mwanzilishi wa LEGO, alianza kutengeneza vinyago vya mbao mwaka 1932, na tarehe 28 Januari 1958 ikaombwa hataza ya tofali la plastiki lenye mirija ndani, ile inayolishika lenzake lisiachie. Tofali la mwaka huo hushikana na la leo. Simu niliyonunua juzi imeikataa chaja ya simu niliyokuwa nayo jana. Matofali sita tu ya namna hiyo, ya rangi moja, yanaunganika kwa njia 915,103,765, hesabu iliyopigwa na wanahisabati wa Copenhagen. Nilimtajia mzee mmoja tarakimu hiyo barazani. Akaniuliza ni ngapi kati ya hizo zinazoweza kubeba maji.

Bapa, lile tofali jembamba, nalo linafaulu. Kimo cha tofali ni milimita 9.6, cha bapa ni 3.2, kwa hiyo matatu yanatimiza moja. Usahihi huo ndio uliosawazisha kaunta yangu ya duka, ambayo fundi wa mbao aliniapia kwamba inayumba kwa sababu dunia ni duara.

Vipande vya kuiga nimejaribu kuvitetea. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba umbo la tofali haliwezi kumilikiwa na kampuni moja kama alama yake ya biashara, kwa hiyo wanaoiga hawajaiba umbo hilo. Lakini niliwahi kununua mfuko wa kupimwa kwa kilo kutoka duka fulani la mbali, nisilitaje. Nusu ya vipande vilishikana mpaka nikatumia meno. Nusu nyingine viliachana kabla sijamaliza bismillahi. Ghorofa niliyoijenga ilidumu mpaka paka alipopiga chafya. Na vilikuja na vumbi la njia nzima, ikabidi nivioshe. Ushauri wa kampuni ya Denmark ni kwamba matofali yaoshwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 40. Anayeandika ushauri wa namna hiyo hajawahi kufungua bomba la tangi jeusi saa nane mchana Buna. Ilinibidi nisubiri magharibi ili nipate maji ya baridi kiasi hicho.

Ile nyenzo ya kutenganishia matofali inafaulu kuliko nilivyotaka. Nilipoipoteza nililaumu watoto, majirani, na upepo. Ilikuwa jikoni. Mke wangu ameigundulia kazi ya kukwangua kikaango cha anjera kikishapoa, na anasema kwa umri wake wote hajashika kitu chenye makali yanayofaa kama yale. Sasa nikitaka kutenganisha tofali namwomba kwa adabu, naye huniuliza, "Baba Watoto, umeshakula?" Jibu likiwa ndiyo, napewa.

Stika imeanguka. Stika ina kazi moja, na hiyo moja haiwezi. Gundi na joto la huku hazijapata kuelewana. Ukiibandika asubuhi kwenye gari la polisi, jioni imehamia kwenye kiwiko chako, na wewe ndiye polisi. Chora alama kwenye kipande chenyewe huko huko kiwandani, au kiache kitupu.

Yule mtu mdogo wa manjano, aliyetoka mwaka 1978, amenipa kazi ya kuamua. Mkono wake unashika kila kitu, hata kijiti nilichokichonga kuwa fimbo ya mchungaji, na hilo ni jema. Lakini nyonga yake inakwenda mbele na nyuma tu. Hawezi kukunja miguu. Nilipomketisha kwenye kipande cha mkeka katikati ya wenzake, alinyoosha miguu akawaelekezea nyayo wote waliokuwa wanakunywa chai, kitu ambacho mtoto wa miaka mitano hapa hakifanyi. Mzee aliyekuwa karibu aliuliza pia pua yake iko wapi, na mtu asiye na pua atajuaje mvua imenyesha upande gani. Nimemruhusu abaki, lakini awe dereva wa lori.

Majani ya plastiki nilikuwa nimeyaangusha, na nilikosea hukumu kwa kukosea hakimu. Ilikuwa wakati wa ule ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zikakosa kunyesha misimu mitano mfululizo. Kijani pekee kilichobaki mtaani kwetu kilikuwa shada la maua dirishani kwa mke wangu. Mbuzi wa jirani alipanda juu ya jerikeni, akaingiza shingo, akachuma. Alianza na majani, akapita maua bila kuyagusa, akarudia majani. Tulimfukuza, tukakaa siku mbili tukimwangalia kwa wasiwasi, na mwenyewe akaendelea na maisha yake. Baadaye ndipo niliposoma kwamba tangu mwaka 2018 LEGO hutengeneza majani, vichaka na miti yake kwa plastiki itokanayo na miwa. Mbuzi alilijua kabla yangu. Mke wangu alinunua pazia.

Kuhusu kupanga vipande, watu hugombana duniani kote na mimi nina upande wangu. Panga kwa umbo, usipange kwa rangi. Ukitia vyeusi vyote kwenye boksi moja la tende, kijipande cheusi kidogo ndani yake hutakipata mpaka mwandamo wa mwezi. Macho huona rangi upesi na umbo polepole, kwa hiyo yaachie kazi nyepesi. Mimi nina maboksi ya tende kwa matofali, makopo ya maziwa ya unga kwa mabapa, na chupa ya kashata kwa magurudumu. Na kila usiku nafagia, kwa sababu huku viatu vinaachwa mlangoni. Mgeni anaingia peku, na tofali halina habari na cheo. Lilimpata maalim wa duksi, chuo chetu cha Kurani, aliyekuja kuchukua ada. Aliruka hatua tatu kwa mguu mmoja akitaja majina matukufu, na pumzi iliporudi akanisamehe mbele ya mashahidi. Ada ya mwezi ule alipandisha.

Linalobaki ni ngamia. Mwaka 2010, katika seti za Prince of Persia, LEGO ilitoa ngamia aliyekwisha kuumbwa. Kwa mizani ya mama huyo ni kipande cha kazi moja. Ni ngamia, na atakufa ngamia. Nikaamua kumjenga wangu kwa mabapa ya kahawia, nikamweka kaunta. Kosa la kumweka ngamia mahali wanapopita wafugaji ni kwamba hakuna anayepita. Wa kwanza alisema ni mgonjwa, kwa sababu nundu imelala upande, na nundu hulala mafuta yakiisha. Nikainyoosha. Wa pili alitafuta ile sugu ya kifuani anayolalia, hakuiona, akauliza ataketi na nini. Nikamtilia bapa. Wa tatu alitaka kujua chapa yake, maana ngamia asiye na chapa ni wa wizi au wa serikali. Wa nne hakusema kitu. Alimbonyeza mgongoni apige magoti, asipige, akatikisa kichwa, akanunua misumari, akaenda zake.

Ilinibidi nitafute bawaba. Ngamia hukunja miguu ya mbele kwanza, halafu ya nyuma, halafu anajishusha kwa mara ya mwisho, na kila kukunja kunataka kiungo chake. Nikavunja mlango wa kituo cha zima moto, boneti ya gari na mfuniko wa sanduku la hazina ili nipate bawaba za kutosha. Siku alipopiga magoti kaunta nzima ilipiga makofi, na mtu mmoja akanitajia bei, bei ya ngamia wa kweli, kwa kujaribu tu kuona kama nitashtuka.

Zile bawaba zilinifundisha kwamba mama na kampuni ya Billund wamewahi kufika mahali pamoja, yeye bila hasara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 LEGO iliruhusu aina za vipande kuzidi 12,000, vingi vikiwa vya kazi moja ndani ya seti moja, na kila kimoja kikitaka kalibu yake ya gharama. Mwaka 2003 ikapata hasara kubwa. Jørgen Vig Knudstorp aliposhika uongozi mwaka 2004, moja ya kazi zake ilikuwa kuwapunguzia wabunifu vipande. Nilimhadithia mama. Aliuliza kwa nini hawakuita mwanamke yeyote aliyewahi kupakia ngamia.

Binamu alipiga simu wiki iliyopita, anakuja likizo, akauliza aniletee seti gani. Nikamwambia asiniletee chombo cha angani wala ngome, wala boksi lenye tarakimu yoyote upande wowote. Nataka bawaba, mabapa na matofali ya vinundu vinane. Akafikiri. Akasema kwenye duka la LEGO pale Mall of America upo ukuta mzima wa vipande vitupu, visivyo na boksi wala picha, na unanunua kwa kikombe. Unapewa kikombe, unajaza mwenyewe, unalipa bei ya kikombe.

Nikamwuliza tena ili nihakikishe. Kwa kikombe? Kwa kikombe. Basi huo ni mtindo wetu wa sukari na maharagwe, na mimi niko upande wa pili wa kaunta siku zote, najua ujanja wote wa mnunuzi. Nikamwambia asimimine ovyo. Apange matofali chini yakiwa yameshaunganishwa, maana yakikaa ovyo ananunua hewa. Mabapa ayasimamishe pembeni. Bawaba azitie mwisho zijaze mianya. Halafu, kabla hajaweka mfuniko, akitikise kikombe vizuri kama mke wa mtu anayepimiwa sukari, na kikishuka aongeze, hata muuzaji akikohoa.