Saa ya Baharini, Mbavu za Kikopey

Shemeji yangu amestaafu, na kiinua mgongo chake karibu chote sasa kiko kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Dada aliomba tangi la maji na ng'ombe wa gredi. Akaletewa Heuer Skipper.

Hii ni saa ya mashindano ya mashua za tanga. Heuer waliitoa 1968, mwaka mmoja baada ya mashua Intrepid kutwaa America's Cup. Yake si ya toleo la kwanza. Lile, anasema huku akimeza mate, halishikiki. Yake ni ya baadaye, na bado imemeza tangi, ng'ombe na zizi.

Nimeshasomeshwa kazi yake mpaka basi. Mashua haina breki, kwa hivyo kabla ya kuanza huzungukazunguka nyuma ya mstari, nahodha akihesabu, ili ishara ikitolewa awe anaufikia kwa kasi. Ukitangulia kuvuka, unarudi nyuma. Ndiyo maana saa hii ina kiduara cha dakika 15, rangi tatu, kila rangi dakika tano.

Sawa. Mashua iko wapi? Ziwa Elementaita hilo hapo chini ni magadi matupu, kina chake cha kuogeshea heroe. Naivasha kuna klabu ya mashua, lakini shemeji hawezi kuthubutu: eti saa ya umri huu isiguswe na maji. Mvua ikianza, saa ya mabaharia inavuliwa, inafungwa kwenye leso, inatiwa mfukoni!

Kwa hivyo inapimia nyama. Jumapili, hapa Kikopey, tuliagiza mbavu kilo mbili. "Dakika kumi tu, mzee," akasema mhudumu. Shemeji akabonyeza. Rangi ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu, mshale ukaanza upya. Sinia likapita likielekea meza ya watu waliotukuta tumekaa. Shemeji akamwita mhudumu, akamwonyesha ushahidi. Kijana akainama, akaisoma kwa makini.

"Mzee, hii yako inakimbia. Ipeleke kwa fundi."

Mbavu zilifika mshale ukiwa raundi ya nne. Shemeji akaivua kwanza, mafuta yasije yakaingia, akanikabidhi mimi. Alipokwenda kunawa, dada akanisogelea na kuniuliza kama Nakuru kuna mtu anayenunua saa kuukuu.