Nasi Mtupunguzie Umri

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Soka la Vijana ya Wilaya (mnajijua),
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA WANANCHI KUPUNGUZIWA UMRI, NA MENGINEYO

Ndugu Mwenyekiti,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naipongeza kamati yako kwa kumaliza hatua ya makundi ya ligi ya watoto wa chini ya miaka 13 salama salimini. Najua maneno yalikuwa mengi, hasa kutoka kwetu wazazi, lakini mzazi ni mzazi tu, hana kura kwenye mkutano mkuu. Mimi ni mzazi wa mchezaji wa akiba. Kijana wangu ana miaka 12, vyeti vyake vinasema 12, na ukimtazama unaona 12. Kocha wake alinieleza kwa upole kwamba hapo ndipo tatizo lilipo.

Namba nne wa wapinzani wetu wa Jumamosi hakuwa na tatizo hilo. Alifika akiendesha bodaboda, akashusha wenzake wawili, akaitundika kofia ngumu kwenye nguzo ya goli na kumwomba mama muuza mihogo amwangalizie pikipiki. Yule mama akamwita "kaka". Mimi mwenye mvi zangu, shikamoo ilinifika kooni nikaimeza.

Sina ugomvi na bodaboda, ni kazi halali. Ila sheria inamtaka dereva wa bodaboda awe ametimiza miaka 18, na leseni ya mchezaji iliyogongwa mhuri wa kamati yako inasema ana 12. Mtu mmoja, leseni mbili. Nadhani zote ni za kweli, maana zote zina mihuri.

Ukaguzi ndio ulionifurahisha zaidi. Kamisaa wa mchezo aliwapanga watoto mstari mmoja, akafungua faili, akaanza kusoma majina huku akilinganisha sura na picha. Alipofika kwa namba nne akaita jina lililo kwenye leseni. Kimya. Namba nne anatazama mawingu. Kamisaa akaita tena, safari hii kwa sauti. Ndipo nyuma ya kamba, katikati ya watoto waliokuwa wakinyonya barafu za ukwaju, mtoto mmoja mwenye ndala zilizomzidi miguu akanyoosha mkono na kuitika: "Naam!" Meneja wa timu akamkata jicho moja tu, mkono ukashuka. Jina lilikuwa lake. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa chake. Picha iliyobandikwa ndiyo ilikuwa ya kaka yake. Kamisaa akacheka kidogo, akaweka tiki, akahamia kwa namba tano.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nchi hii ina ofisi inayoweza kumpunguzia mtu miaka sita kwa kalamu ya wino wa bluu, na wananchi hatujatangaziwa.

Ndugu Mwenyekiti, naomba huduma hii ifunguliwe kwa umma. Lianzishwe Dirisha la Kupunguza Umri, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 2 asubuhi, na pawe na benchi la kusubiria, kwa sababu foleni itakuwa ndefu. Wa kwanza kufika nina hakika atakuwa mtumishi wa umma mwenye miaka 59, nyumba yake haijaezekwa, mtoto wa mwisho yuko kidato cha pili, na sheria inamtaka astaafu akifikisha 60. Atakuja na picha mbili za pasipoti na barua ya serikali ya mtaa, atatoka ana 47. Nyuma yake atakuwepo mhitimu wa chuo aliyesubiri ajira mpaka matangazo ya kazi yakampita, yale yenye sharti la umri usiozidi miaka 25. Huyu hahitaji mingi. Mpunguzieni minne kwa mkopo, atairudisha akishapata mshahara. Atakuja pia mzee mmoja wa mtaani kwetu anayetafuta mchumba, lakini huyo kamati imfikirie mara mbili.

Msiwasahau wenye magari. Mtu akiagiza gari kuukuu kutoka Japani hutozwa ushuru wa uchakavu kwa sababu ya mwaka liliotengenezwa. Gari hilo likipitia mezani kwenu kwanza, likavishwa jezi na kupigwa picha, litashuka bandarini likiwa halijaota hata meno.

Ada ipangwe kwa kila mwaka unaopunguzwa. Wajane na yatima wahudumiwe bure. Vikundi vya wazee vipewe nafuu: miaka kumi kwa bei ya minane. Mwombaji aruhusiwe kuchagua mahali pa kupunguziwa, maana wapo watakaotaka itolewe ya utotoni waliyoipata kwa shida, na wapo watakaotaka itolewe ile ya ndoa. Malipo yawe na stakabadhi, jambo ambalo najua litakuwa geni kidogo kwenye huduma hii. Na miaka inayotolewa isitupwe. Itunzwe, kwa sababu wapo wanaoihitaji. Mwanangu akiongezewa minne tu, anaanza kikosi cha kwanza.

Maombi mengine ni madogo, nayapitisha haraka. Tunaomba maegesho ya pikipiki za wachezaji, kinyozi wakati wa mapumziko, na kivuli kwa mke wa mshambuliaji anapokuja na mtoto mchanga.

Isije ikaonekana nawazulia. Wakubwa wa mpira mnayakumbuka haya kuliko mimi. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walifuzu fainali za vijana za Afrika za 2005 kule Gambia, tukaenguliwa kwa kumchezesha aliyezidi umri, Zimbabwe wakaenda badala yetu. Baadaye upepo ukageuka. Congo Brazzaville walitutoa kwenye mbio za fainali za 2017, tukakata rufaa, mchezaji wao akaitwa na CAF akapimwe umri, hakutokea. Tukaenda Gabon kwa ushindi wa mezani. Siku zile kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri, alikuwa kiumbe kibaya kuliko wote. Tulimlaani redioni, tukamlaani vijiweni. Kumbe ubaya wa kijeba unategemea jezi aliyovaa.

Fainali za 2019 zikaletwa hapa hapa Dar es Salaam. Guinea walifika fainali, kisha wakanyang'anywa tiketi ya Kombe la Dunia la vijana, kwa sababu wachezaji wao wawili waliwahi kwenda kwenye mashindano Japani mwaka 2017 na tarehe nyingine za kuzaliwa. Senegal ndio wakaenda Brazil. Baadaye Cameroon walikipima kikosi chao wenyewe cha chini ya miaka 17, na wachezaji 21 kati ya 30 wakafeli. Chama chao kikawaondoa. Sisemi wao ni watakatifu, nasema walipima.

Kipimo chenyewe mnakifahamu: MRI ya kifundo cha mkono, ambayo FIFA walianza kuitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana la 2009 nchini Nigeria. Mashine inatazama kama mfupa umeshafunga. Ukikuta umefunga kabisa, karibu hakuna shaka kwamba mwenye mkono huo ameshavuka 17. Lakini mtoto wa miaka 12 na kijana wa 15 wote mifupa yao bado iko wazi, kwa hiyo huku kwetu chini mashine hiyo haitusaidii, hata kama mngekuwa na fedha za kuilipia. Kwa watoto kuna kadi ya kliniki, kuna rejista ya darasa la kwanza, kuna mwalimu mkuu aliyemwandikisha, na kuna mtu mzima wa kusema kweli. Huyo wa mwisho ndiye anayepatikana kwa shida.

Na kijeba mwenyewe mnamtendea nini? Anacheza na watoto misimu mitatu, minne, anapita kwa kifua tu, hajifunzi kupokea mpira akiwa amebanwa, hajifunzi kupiga pasi ya kwanza, kwa sababu hapati wa kumbana. Siku akiitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa anaingizwa kwenye mashine, mashine inamkataa. Akirudi kwenye umri wake wa kweli anakuta wenzake wameshamwacha. Jina analolitumia si lake, na mdogo wake mwenye jina naye hawezi kusajiliwa popote, maana tayari anacheza.

Nije kwenye suala la pembeni mwa uwanja. Ile kamba naomba iondolewe, itumike kuanikia nguo. Pale haina kazi. Refa wa Jumamosi alikuwa kijana mwembamba, filimbi ameifunga mkononi kwa kamba ya kiatu, na nashuku alizidiwa umri na nusu ya mabeki. Alipoonyesha penalti, wanaume wanne wakaingia uwanjani. Mmoja kambeba mtoto mchanga mkono wa kushoto, kwa mkono wa kulia anamsonta refa machoni. Kwa dakika kadhaa mama mzazi wa yule refa alitajwa kuliko mpira. Wengine walikuwa wameweka dau. Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti, kuna watu wazima wanaoweka pesa kwenye mechi ya watoto wa darasa la sita, na wanawatukana watoto wa darasa la sita pesa ikiliwa.

Aliyekwenda kupiga penalti ni mtoto wetu, wa umri wa kweli. Baba yake alikuwa amesimama nyuma ya goli. "Ukikosa, usirudi nyumbani!" Mtoto aliuweka mpira, akarudi nyuma hatua chache, na muda wote ule hakumtazama kipa hata mara moja. Alikuwa anamtazama baba yake. Mpira ukapaa juu ya mwamba.

Ombi langu hapa ni kwamba akina baba wa namna hii nao wasajiliwe, wapewe namba mgongoni na kadi zao. Ikibidi, umri wao upunguzwe hadi walingane na tabia zao, ingawa nahofia hamtapata ligi ya wadogo kiasi hicho.

Kipindi cha pili namba nne alimkanyaga winga wetu. Sisemi alimkaba, nasema alimkanyaga. Mtulinga ukavunjika, tuliusikia tukiwa nyuma ya kamba. Benchi la wapinzani likashangilia, mmoja wao akapiga kelele kwamba huo ndio mpira. Mtoto aliondolewa akiwa amelazwa juu ya kanga mbili za akina mama, kwa sababu machela haikuwepo, na kamisaa akaandika kwenye ripoti yake kwamba mchezo ulimalizika kwa amani. Amani ipi? Mnajua mnachokifanya. Mnajua majina, mnajua mameneja, mnajua nani alipeleka bahasha na nani aliipokea. Mnakula kwa mifupa ya watoto wa watu, mnaipigia mhuri, halafu mzazi akiuliza mnamwita mkorofi. Mtoto yule yuko nyumbani, mkono umefungwa kifuani, na amemwuliza mama yake kama ni kweli yeye ni mlaini mno kwa mpira. Mjibuni ninyi.

Nirudi kwenye adabu ya barua.

Timu yetu ilikata rufaa kwa kufuata taratibu zote na kulipa ada. Kamati iliitupa kwa hoja kwamba haikuambatanishwa na picha ya mchezaji anayelalamikiwa. Picha hiyo iko kwenye faili lenu, imebandikwa kwa gundi yenu. Ada ya rufaa, tuliambiwa, hairudishwi. Tumeipokea hukumu hiyo kwa unyenyekevu, na tunaomba ada yetu ihesabiwe kuwa malipo ya awali kwenye Dirisha la Kupunguza Umri litakapofunguliwa. Kama ni hivyo, jina langu liwe la pili kwenye foleni, baada ya yule mtumishi wa miaka 59. Nitaomba nibaki na miaka 12, halafu mnipe namba nne. Nina kifua kibaya na goti moja linalia wakati wa baridi, lakini kwa kiwango cha ligi yenu nitaonekana mtoto.

Nusu fainali ni Jumamosi ijayo, na namba nne yumo kwenye orodha. Shule iliyoandikwa kwenye fomu yake ipo, ina mwalimu mkuu, na rejista ya darasa la kwanza iko kabatini mwake. Kutoka ofisini kwenu ni nauli ya daladala moja. Tunaomba mtu mmoja wa kamati, yeyote mtakayemwamini, aende akaifungue kabla ya Jumamosi, na aende na yule mtoto wa ndala.

Wenu katika michezo,

Mzazi wa mchezaji wa akiba.