Mheshimiwa Asiyepigiwa Makofi

Masika yakikolea Kwamndolwa, huku Korogwe, sifa zote huenda kwa mnana, yule ndege fundi wa kusuka viota. Dume huvaa manjano, hujitundika kichwa chini kwenye mlango wa kiota na kupigapiga mabawa huku akipayuka, akingoja jike aje kukagua. Jike akikataa, kiota huraruliwa na kazi huanza upya. Hakuna anayemtaja Mheshimiwa aliyemo ndani ya bwana harusi huyo: kimelea wa damu, ndugu wa yule wa malaria yetu.

Tazameni subira yake. Kiangazi hujificha kwenye ini, bandama na kwingineko, akiacha wenzake wachache tu damuni, na ndege haonyeshi dalili yoyote. Kisha homoni za kuzaliana zinapanda, dume anaimba na kupigana, na mbu nao wanaanguliwa madimbwini. Hapo ndipo mara nyingi Mheshimiwa anapojaa damuni, usafiri wa kwenda kwa ndege mwingine ukiwa umeshafika. Waheshimiwa wangapi hufika kwenye shughuli kwa wakati?

Tena hana upendeleo. Mwaka 1992 watafiti Ivar Folstad na Andrew Karter walitoa hoja kwamba homoni ya testosteroni, hiyo hiyo inayompa dume mikogo, hupunguza kinga yake; anayeweza kung'ara na bado akawamudu vimelea ndiye mzima kweli. Wataalamu wanabishana mpaka leo, maana majaribio hayajakubaliana. Mimi upande wangu ninaujua: bila mkaguzi huyu, kila mnana wa kandokando ya Mto Pangani angejiita shababi.

Hata sisi tusio na mabawa anatudai. Ni kwa vimelea vya ndege mtafiti Ronald Ross alionyesha, huko Calcutta mwaka 1898, jinsi mbu anavyobeba malaria. Ross akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Kimelea hakuambiwa hata asante. Binamu yake anayekaa kwa binadamu angalau ametungiwa chanjo, RTS,S, na Korogwe ikawa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoifanyia majaribio.

Anayetaka kumuenzi, njia ipo. Mwaka 1970 mtafiti James Applegate aliwapa shomoro kotikosteroni, homoni inayopanda kiumbe anaposumbuliwa, na vimelea waliojificha wakarejea damuni. Basi huenda watoto wanaowinga ndege mpungani toka alfajiri, kwa madebe na manati, wanamtumikia Mheshimiwa bila kujua, na bila posho.